Inzi wawili kwenye mshipi mmoja: wa pili afungwe wapi?

Swali: Salaam aleikum, ami. Mimi huvua kwa inzi wa bandia, fimbo namba 8, katika mkono wa bahari wa Tudor hapa Mombasa, na siku nyingine huvuka feri nikaenda Shelly Beach maji yakipwa. Nimeona watu wakifunga inzi wawili kwenye mshipi mmoja. Nimejaribu mara nne. Mara tatu nyuzi zimesokotana hata nikazikata, na mara ya nne nimewaacha wote wawili kwenye mwamba. Wa pili afungwe kwenye mpindo wa ndoana ya kwanza au kwenye tawi la pembeni? Baina yao niache umbali gani? Mzito awe yupi? Na Agosti nakwenda Nyeri kwa wakwe, nataka kujaribu trauti wa mto Thego. Kule mambo ni yale yale? (Msomaji, Kisauni)

Waaleikum salaam, mwanangu. Nianze na jibu, nisikuchoshe kwa hadithi kabla hujalipata. Baharini, wa pili mfunge kwenye tawi la pembeni, yaani kijiuzi kifupi cha sentimita 10 hadi 12 kinachotoka ubavuni mwa uzi mkuu. Mzito awe wa mwisho, mwepesi akae kwenye tawi, na baina yao uache nusu mita. Mtoni Thego utageuza: huko mpindo wa ndoana ndio mahali pake. Na kule Shelly, juu ya mwamba, ushauri wangu ni inzi mmoja tu, hata kama kikasha chako kimejaa.

Sasa sababu. Nenda ukamtazame mzee yeyote anayevua kwa mshipi wa mkono, pale majabalini Mama Ngina au kwenye ngalawa iliyotia nanga. Chubwi iko chini kabisa, na ndoana mbili au tatu zimetoka ubavuni juu yake, kila moja na kijiuzi chake kifupi. Hutamwona aliyefunga ndoana ya pili kwenye kiuno cha ndoana ya kwanza, na si kwamba hawakuwahi kulifikiria. Uzito ulio chini huunyoosha mshipi wote, na kijiuzi kifupi hakina urefu wa kumzunguka mama yake na kujifunga. Kirefushe mara mbili uone: utaanza kufumua mafundo badala ya kuvua. Watoto wa Mji wa Kale hulijua hilo kabla hawajajua kusoma saa. Sisi wa fimbo tumelisahau kwa sababu tulijifunza kwa kutazama video za watu wa mito.

(Nasema inzi kwa kuwa ndilo jina lililoshika. Huku kwetu kitu chenyewe ni manyoya na nywele zilizofungwa kwenye ndoana zikafanana na dagaa au kamba, na inzi wa kweli hana habari.)

Ila kuna tofauti moja kubwa kati yetu na yule mzee, na hapo ndipo nyuzi zako zilipokatikia. Yeye hurusha chubwi, na chubwi huuvuta uzi. Kwetu ni kinyume: mshipi wetu mnene ndio wenye uzito, na inzi hufuata nyuma kama mkia wa tiara. Mshipi wa namba 8, ule unaoendana na fimbo yako (namba ikipanda, uzito hupanda), zile mita 9 za mwanzo, kwa kipimo walichokubaliana watengenezaji huwa na gramu 13.6 hivi. Hicho ni kijiko kikubwa cha sukari. Kwa kijiko hicho unataka kuwabeba inzi wawili walioloa maji na kupasua nao upepo wa bahari. Inzi mmoja mwenye macho ya risasi hubebeka. Wawili wa namna hiyo, mkia umekuwa mzito kuliko tiara, na tiara ya hivyo unajua inavyokwenda: inapiga mbizi, inajizungusha, inaangukia paa la jirani. Kwa hiyo usifunge wazito wawili pamoja, ufunge kwa njia yoyote uipendayo. Nadhani, bila ya kukuona, kwamba zile mara tatu ulikuwa na wazito wawili, au mzito mbele na mwepesi nyuma.

Mzito akiwa mbele na mwepesi nyuma, umetia bawaba katikati ya uzi. Mshipi unakunjuka hewani vizuri hadi kwa yule mzito. Yeye anafika, anadondoka, na wa nyuma bado yuko njiani na mwendo wake. Atakwenda wapi? Atampita mwenzake na kumzunguka. Mzito akiwa mwisho kabisa, yeye ndiye wa mwisho kufika, na akifika ameshauvuta uzi wote ukanyooka, pamoja na tawi.

Mpindo nao una ubaya wake wa pekee baharini. Wengi wetu huku tunavua kwa inzi wa Clouser, yule aliyebuniwa na Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1987. Ubora wake uko kwenye macho ya risasi yaliyofungwa upande wa juu wa mguu wa ndoana, karibu na tundu. Uzito huo humgeuza, akaenda majini ncha ya ndoana ikitazama juu, asikwaruze chini kila anapotua. Kila ukivuta mshipi anainuka, ukiacha anainamisha kichwa, na ni kule kuinama kunakowatia samaki wazimu. Sasa mfungie uzi mwingine kwenye mpindo. Uzi huo unapita pale pale ncha ilipo, samaki anakutana nao kabla ya kukutana na ndoana, na kule nyuma kuna mwenzake anayemshika mkia. Hainami tena. Umemnunua kwa ajili ya kichwa chake halafu umemfunga shingo.

Tawi basi. Nitalieleza polepole kwa sababu watu wengi hulikosea mahali pamoja tu, na ndipo samaki wao wanapokwendea.

Una uzi wa mbele, ule unaotoka kwenye mshipi mnene. Tuseme mwisho wake ni wa kuhimili kilo 9. Una uzi wa ncha, mwembamba kidogo, wa kilo 7. Zilaze nyuzi hizo mbili sambamba, zipishane shibiri moja na nusu. Zikiwa pamoja kama uzi mmoja, fanya kitanzi, kisha pitisha ndani ya kitanzi ncha ya ule mnene pamoja na ule mwembamba wote. Pitisha mara tatu. Mtoni mara mbili zinatosha, baharini tatu. Lowesha kwa mate, halafu vuta nyuzi zote nne kwa pamoja na kwa upole, mpaka fundo likae. Usivute likiwa kavu, nailoni huungua kwa msuguano, na uzi ulioungua utauona mzima hadi siku ya samaki mkubwa.

Ukimaliza utaona ncha mbili za ziada zimetoka kwenye fundo. Moja ni ya uzi mwembamba, nayo inatazama juu kuelekea fimbo. Nyingine ni ya uzi mnene, nayo inatazama chini kuelekea maji. Iliyotazama juu ikate mara moja karibu na fundo, kabla hujashawishika. Iliyotazama chini ndiyo tawi lako. Samaki akishika kwenye tawi hilo, anavuta kwa mstari ule ule wa uzi wa mbele, na fundo linazidi kukaza. Ukifunga inzi kwenye ile iliyotazama juu, samaki akivuta, uzi unajikunja kurudi nyuma juu ya fundo na kulichubua, kama mtu anayebandua karatasi ukutani. Na kuna faida ya pili: ule wa chini ni mnene zaidi, kwa hiyo ni mgumu zaidi, husimama kando ya uzi mkuu badala ya kujilaza juu yake.

Mwanzoni liache tawi na sentimita 18 au 20, maana fundo la inzi litakula sehemu, na kila ukibadilisha inzi litapungua. Mfunge inzi, kisha pima: ukiona bado limezidi upana wa vidole vinne kwa kiasi kikubwa, kata, ufunge tena. Upana wa vidole vinne na dole gumba juu yake, hicho ndicho kipimo changu mimi, na nimekitumia miaka bila kubeba rula. Likifupika hadi kufikia vidole viwili, usilibembeleze. Kata uzi wa ncha wote, anza upya. Huyu wa tawi mfunge kwa fundo la kukaza kwenye tundu: pitisha uzi, zungusha mara tano, rudisha ncha kwenye kile kitanzi kidogo cha karibu na tundu, halafu kwenye kile kikubwa ulichokiumba, lowesha, vuta. Yule mzito wa mwisho mfunge kwa fundo la kitanzi lisilombana, apate kuinama.

Umeuliza umbali, nimesema nusu mita, na hiyo ni ya maji yanayofika kiunoni. Kwenye kina kifupi, maji ya magoti, punguza hadi sentimita 35 hivi. Kwenye mkondo wa maji mengi, kama chini ya daraja la Nyali maji yakipwa, unaweza kufika sentimita 70. Zaidi ya hapo huwezi tena kumshika samaki wa chini mkononi bila ya fundo la tawi kuingia kwenye pete ya juu ya fimbo na kukwama, na hapo utakumbuka maneno yangu.

Aina ya uzi? Baharini florokaboni kwa nyuzi zote mbili. Uzani wake ni kama mara 1.78 ya maji baridi, nailoni ni 1.14 hivi, na maji ya chumvi yenyewe ni 1.03. Maana yake nailoni huelea-elea ikizama kwa kusitasita, florokaboni hushuka. Pia ni ngumu zaidi, na kwa tawi ugumu ndio tunaoutaka, na huvumilia kukwaruzwa na chaza.

Hayo yote yakiwa sawa, nyuzi bado zitasokotana ikiwa mkono haujabadilika. Mtu mwenye inzi mmoja huweza kupunga mshipi hewani mara nne, tano, kwa raha zake. Mwenye wawili apunge mara moja, mara mbili ni nyingi. Anza na mshipi ulionyooka juu ya maji, usiinue mshipi uliolegea. Inua taratibu, upeleke nyuma kwa ubavu, chini kidogo ya bega. Ngoja, ngoja tena, mshipi uhisi umenyooka nyuma yako. Kisha ulete mbele kwa juu ya kichwa. Mkono uchore yai hewani, inzi wasisimame hata mara moja. Ukienda nyuma na mbele kwenye njia ile ile, kwa haraka, mshipi hujivuka wenyewe na kukuwekea kifundo kidogo kwenye uzi wa ncha. Kifundo hicho huchukua karibu nusu ya nguvu ya uzi. Pitisha vidole kwenye uzi kila baada ya mitupo michache, ukikihisi, usikipuuze.

Halafu kuna kusi. Ukisimama pwani yetu, Nyali, Bamburi au huko Shelly, ukaipa nchi kavu kisogo, kusi linakupiga kutoka mkono wa kulia. Mtu wa mkono wa kulia hutupa kwa mkono huo huo. Kwa hiyo tangu Aprili au Mei hadi Septemba, kila mtupo upepo unakuletea ndoana kichwani. Kaskazi likishika, Desemba hadi Machi, upepo unatoka kushoto na kuzipeleka ndoana mbali nawe. Sijui kwa nini hili halisemwi na wanaowafundisha watu kuvua. Mimi nilijifunza kwa sikio. Ilikuwa Julai, nina inzi wawili, nikamkasirikia samaki aliyekuwa akiruka mbele yangu, nikatupa kwa nguvu. Wa kwanza alipita. Wa pili alinipitia kwenye sikio, akatoka upande wa pili, na ndoana yenyewe sikuwa nimeibana kijino, kile kimwiba cha karibu na ncha kinachoizuia isichomoke. Nilipanda matatu na manyoya ya waridi yananing'inia sikioni, na kondakta aliniuliza kama ni fasheni mpya. Tangu siku hiyo, wakati wa kusi mimi huvua na inzi wawili ndani ya mkono wa bahari tu, penye mikoko ya kukinga upepo, na nikiwa pwani wazi hubaki na mmoja. Vaa kofia na miwani. Na kabla ya kutoka nyumbani bana kijino cha kila ndoana kwa koleo hadi kilale.

Basi kwa nini ujisumbue na wawili? Wengi hudhani ni kwa ajili ya kupata samaki wawili. Ukiwa na nia hiyo, chukua wavu. Mimi huwatumia wawili kwa kuwa sijui. Nimefika Tudor alfajiri, maji yanajaa, yana rangi ya chai ya maziwa kandokando ya mikoko, naona samaki wanavuruga juu lakini sioni wanakula nini. Huenda ni dagaa, huenda ni kamba wadogo wanaosukumwa kutoka kwenye mizizi. Basi kwenye tawi natia kamba mdogo, mwepesi, wa rangi ya mchanga, ndoana namba 6, na mwisho naweka Clouser mweupe na kijani namba 2. (Namba za ndoana huenda kinyume, kama hujazoea: 6 ni ndogo kuliko 2.) Nauliza maswali mawili kwa mtupo mmoja. Samaki watatu wakimchagua kamba, jibu nimelipata: namkata Clouser, natia kamba peke yake, na navua kama mtu mwenye akili zake. Wakimchagua Clouser, tawi nalikata. Katika asubuhi nzuri inzi wawili hukaa kwenye mshipi wangu nusu saa, si zaidi. Huyo uliyemwona akivua nao kutwa nzima, ama hana swali, ama hasikilizi jibu.

Kuna faida nyingine, nayo ni ya kolekole. Kolekole ni mwenye wivu. Mdogo akienda mbele kwenye tawi na mkubwa akifuata nyuma nusu mita, machoni pake ni samaki anayemkimbiza dagaa na yuko karibu kumpata. Hawezi kuliona hilo akanyamaza. Nimemwona akimpita mkubwa kwa dharau na kumrukia mdogo, na nimemwona pia akimpiga mkubwa kana kwamba anamfukuza mezani. Kwa mchezo huo vuta mshipi kwa kasi, mivuto mirefu. Kwa changu na chaa wanaochimbua chini, mivuto mifupi ya vidole, mapumziko marefu, na yule mzito agonge mchanga.

Ila ujue la kufanya wakishika wote wawili. Mimi wamenishika kolekole wawili kwa mpigo mmoja, kila mmoja wa ukubwa wa kitabu, na nikacheka kwa sauti. Mmoja alitaka mikoko, mwingine alitaka bahari kuu. Kicheko hakikufika mwisho, uzi ulikatika pale kwenye fundo na wakaondoka wamefungwa pamoja kwa nusu mita ya florokaboni. Hao samaki wamenikaa moyoni kuliko wengi niliowala. Kama ndoana zingekuwa na vijino vilivyobanwa, pengine zingewatoka. Na ukiwa na samaki mmoja, yule inzi wa pili yuko huru anazungukazunguka akitafuta cha kushika, na mara nyingi hupata kidole chako. Mshike samaki ukijua ndoana nyingine iko wapi, ndipo utie mkono.

Bunju wakiwa wengi, rudi kwenye inzi mmoja, maana wale hukata manyoya na nyuzi kama mkasi wa fundi cherehani na utalipa mara mbili. Mzia vivyo hivyo: yeye anataka waya, na waya na tawi havikai nyumba moja.

Juu ya Shelly sitasema mengi. Mwamba ule una meno, na kila mvutano wa mawimbi humwinua mmoja na kumshusha mwingine. Ndoana ya mwisho ikishika, ile ya juu inazunguka na kushika kando yake, na umefungwa pingu mikono miwili. Isitoshe maji ya bamvua huku kwetu hushuka zaidi ya mita tatu na kurudi kwa haraka. Usiwe umeinama unafumua nyuzi huku maji yanakupita nyuma. Na kwa kuwa wewe ni wa Kisauni na Nyali ni jirani yako, nikuonye na hili: sehemu ya maji ya Nyali na Bamburi ni hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986 na kusimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ndani ya ile hifadhi yenyewe, kilomita za mraba 10 hivi, havuliwi kitu, si kwa inzi wala kwa nini. Eneo la akiba linaloizunguka ni kubwa zaidi na lina taratibu zake. Waulize askari wa hapo mipaka inapita wapi kabla hujafungua fimbo, watakuonyesha maboya.

Haya, Thego. Kule geuza karibu kila nililosema.

Trauti si wenyeji wa Kenya. Mayai ya wale wa rangi ya kahawia yaliletwa na Ewart Grogan mwaka 1905 kutoka Loch Leven, Scotland, yakatiwa katika mto Gura, huko huko upande wa Nyeri. Loch Leven ni ziwa ambalo watu wake walivua mashuani kwa inzi watatu kwenye uzi mmoja tangu zamani, kwa hiyo samaki hawa wameoneshwa inzi zaidi ya mmoja tangu kwa mababu zao. Fimbo yako ya namba 8 iache Mombasa, utakuwa unampiga sungura kwa rungu la tembo. Azima ya namba 4 au 5.

Mto ni mwembamba, una mawe, na maji yanakwenda upande mmoja tu, hayakusubiri. Hutupi mbali, hupigani na upepo. Kwa hiyo ile bawaba niliyoilaani haina madhara. Mbele mtie inzi mwenye manyoya mengi anayeelea, ndoana namba 10 au 12. Huyu ndiye boya lako, na mara kwa mara huliwa yeye mwenyewe. Kwenye mpindo wake funga uzi mwembamba zaidi, sentimita 45 hadi 60, na mwisho wake mtie mfano wa buu la majini, namba 14 au 16, mwenye ushanga mdogo wa chuma kichwani. Sehemu kubwa ya chakula cha trauti hupita chini ya maji, kwa hiyo utaona ajabu jinsi huyu mdogo anavyochaguliwa. Ukiona boya limesita, limezama au limekwenda kombo, inua fimbo. Inua, usivute kwa mkono wa kushoto kama unavyofanya Tudor. Mazoea hayo ya baharini yatakukatia nyuzi siku nzima ya kwanza.

Fundo la mpindo ni lile lile la kuzungusha mara tano, ila lifunge likiwa legevu, livishe kwenye ndoana kama pete, kisha livute likaze. Uzi wa pili lazima uwe mwembamba kuliko wa kwanza, ili buu likinasa kwenye jiwe ukatike wa chini na boya libaki. Na hapa kuna mtego: ndoana iliyobanwa kijino haina cha kulizuia fundo, hivyo uzi ukilegea unaweza kuteleza ukatoka. Litazame mara kwa mara, au ufunge uzi wa pili kwenye tundu la yule wa mbele badala ya mpindo. Mimi hufunga kwenye tundu. Anayenipinga ni rafiki yangu mmoja wa Karatina, na hatujaamuana hadi leo.

Leseni ya trauti iulizie huko huko kwenye ofisi ya uvuvi kabla ya kushuka mtoni, na uulize pia kama inzi wawili wanaruhusiwa, kwani kuna maji duniani yanayoruhusu mmoja tu. Chukua sweta, baridi ya Agosti ya kule itakutafuna mifupa. Na kwa wakwe usiende ukitegemea trauti, beba halua.

Kabla ya safari, nenda uwanjani jioni, maji hayahitajiki. Kata ncha za ndoana mbili kuukuu, funga tawi kama nilivyokueleza, utupe mara 50 juu ya nyasi. Zikisokotana zaidi ya mara tano, sogeza mzito hadi mwisho kama hujafanya hivyo, fupisha tawi kidole kimoja, punguza nguvu. Ukirudi baharini, kila jioni kata tawi lote kabla ya kufunga fimbo, usiwakunje wawili pamoja kwenye kikasha wakiwa na chumvi. Wasuuze kwa maji baridi, waanike mbalimbali, maana ndoana mbili zikishikana kutu usiku mmoja tu, asubuhi huwezi kuzitenganisha bila ya kuziharibu zote.